Nyumba ya Mwezi Mumoja

Tulikuwa wanne: mimi, binti yangu mwenye mimba kubwa, shemeji yangu wa Murara, mutaa wa Goma, aliyetupokea, na muzee mwenye nyumba. Majina yao ninayo yote kichwani, ila siyaandiki. Vita ilitufukuza kutoka Kibati, nikatafuta nyumba ya mwezi mumoja tu katikati ya Goma, karibu na hospitali, binti ajifungulie salama.

Mwenye nyumba wa Goma anauliza kwanza: munatoka wapi, muko wangapi, munasali wapi. Huyu hakuuliza kitu. Alitufungulia nyumba nzima, vitanda vimetandikwa, viatu vya watoto mulangoni.

"Mukae tu, mama. Sisi tunapanda boti ya Bukavu leo."

Shemeji akacheka. "Muzee, unatuachia hadi masufuria?"

Yeye hakucheka. "Watu wakija kugonga, museme nyumba ni yenu. Wakiuliza jina la baba wa nyumba, mutaje langu."

"Watu gani hao?" nikauliza.

Akatazama barabara.

Binti alikuwa amekwisha kukaa kitandani, miguu imevimba. Nikamushika mukono: "Simama, tunaenda." Alilia njia yote. Alijifungulia kwa shemeji, jikoni, juu ya mukeka; mutoto akatoka muzima.

Nilipopita pale kwa muzee baadaye, mulango ulikuwa umevunjwa na vitanda havimo. Binti anasema muzee alitutajia wale watu. Mimi sikumbuki hivyo. Anayejua vizuri anisahihishe, ningali na masikio.