Makombe Niliyoyaosha

Wazazi walipofariki niliacha shule nikalea wadogo zangu. Salimu, wa mwisho, anasoma hapa Guangzhou, China, ninakouza nguo. Juzi alipanga mezani kwangu mstari wa makombe ya chaza yenye matope, kutoka pwani ya mbali iliyowahi kufunikwa na barafu. Mwalimu wake angekuja kuyakagua. Bila hayo Salimu hafuzu. Nikaogopa tutaonekana wachafu. Nikayaosha yote, nikayapanga upya kwa ukubwa, kama tunavyopanga mashati dukani.

Salimu akaingia na mwalimu wake.

“Dada, lipi lilitoka chini kabisa?”

“Kwani yana tofauti?”

“Kina lilikochimbwa kila moja ndicho kinachotuambia bahari ilipanda lini, ikashuka lini.”

Mwalimu akaokota moja, akalinusa. Lilinukia sabuni ya kufulia.