Majoho ya Rangi Mbili

Bandeji ilitolewa Alhamisi, na Jumapili nikagundua kwamba kwaya yetu ina rangi mbili.

Nilikuwa nimeketi benchi la tatu, mahali pangu pa siku zote, katika kanisa letu karibu na soko la Tawa. Kwaya ikasimama kuimba. Majoho yale niliyashona mwenyewe miaka miwili iliyopita, yote kumi na manane, bluu iliyokoza. Sasa jicho la kulia, lililotoka kutolewa mtoto wa jicho, likaniambia mambo mengine. Safu ya mbele ilikuwa bluu. Safu ya nyuma ilikuwa zambarau. Nikalifumba, nikatazama kwa la kushoto ambalo bado halijapasuliwa: wote wakawa rangi moja, ya chai iliyolala kwenye sufuria. Nikalifungua tena. Bluu mbele, zambarau nyuma. Aliyekaa kando yangu alidhani ninalia, akanipa leso.

Sikuwa nikilia. Nilikuwa nimekasirika mpaka masikio yanawaka.

Baada ya ibada nilimshika mwalimu wa kwaya mlangoni, nikamuuliza kuhusu zile rangi mbili. Ni mtu mpole, amefundisha shule ya msingi maisha yake yote.

"Hiyo ilikuwa dizaini, mwaitu," akasema huku akitazama viatu vyake. Kwetu mwanamke wa umri wangu huitwa mwaitu, mama yetu, na ukisikia unaitwa hivyo kwa sauti ya chini ujue kuna jambo linafichwa.

"Dizaini ya nani? Mimi sijashona dizaini kama hiyo."

Akazungukazunguka, mwishowe akasema ukweli. Siku nilipoyaleta waliona mara moja kwamba nimetumia vitambaa viwili tofauti. Hakuna aliyethubutu kuniambia. Wakakaa kikao, wakaliombea jambo hilo, kisha wakapanga watu upya: wenye bluu waimbe sauti za juu, wenye zambarau waimbe sauti za chini, ili ionekane imekusudiwa. Kulikuwa na mama mmoja mwenye sauti ya juu kuliko wote, na joho lililomtosha lilikuwa zambarau. Akapelekwa nyuma. Miaka miwili ameimba sauti isiyokuwa yake, kwa sababu yangu.

"Tuliogopa kukuumiza," akasema mwalimu.

Nilikwenda nyumbani bila kunywa chai ya kanisa. Nimeshona sare na magauni ya harusi kwenye baraza ile ya sokoni kwa zaidi ya miaka thelathini. Nilijiuliza ni wangapi wengine walichukua nguo zao wakasema asante, wakaenda kuzifumua mbali.

Jicho lenyewe nalo halikutulia. Wiki ya tatu mwanga ulianza kutawanyika. Taa ya pikipiki ilikuwa na miale kila upande. Mabati ya soko yakipigwa na jua la saa sita yalinifanya nisimame njiani kama mtu aliyesahau anakokwenda. Uzi mmoja niliuona kama nyuzi mbili, na juu ya kila kitu kulikuwa na ukungu mwembamba ambao sikuweza kuufuta hata nikisugua.

Nilirudi Kitui, ambako nilipasuliwa, na ambako binti yangu anaishi. Daktari, msichana mwenye mikono mitulivu, alichungulia jicho kwa muda mrefu.

"Operesheni ilienda vizuri, mama. Shida ni nyuma ya jicho, huko kulikuwa kumechoka kitambo. Hiyo miale ingine itapungua. Ingine utazoea tu."

"Nikizoea, nitashona?"

Aliandika kitu kwenye kadi yangu. "Vitu vidogo vidogo, labda."

Vidogo vidogo! Nilitoka pale nikiwa na hasira ya kutosha kutembea kwa miguu hadi Tawa. Binti yangu alinishika mkono kuvuka barabara, nikautoa. Jioni hiyo, tukila, akaleta neno alilokuwa amelibeba siku nzima.

"Mwaitu, si hiyo cherehani niichukue tu? Itakaa hapa kwangu sitingirumu. Ukitaka kuiona unakuja."

Nikamwambia cherehani yangu si mgonjwa wa kutembelewa.

Niliporudi sokoni nilikuta habari imeshafika. Kwaya inataka majoho mapya, na safari hii watapeleka kazi kwa fundi wa Sultan Hamud. Eti wananionea huruma, nipumzike. Jumamosi mchana nilikwenda kwenye mazoezi yao nikasimama katikati ya wimbo.

"Huruma yenu imeniharibia jina kuliko hili jicho," nikawaambia. "Nipeni kazi yangu. Nikikosea, semeni."

Wengine walifungua vitabu vya nyimbo wakasoma kwa bidii. Mwalimu wa kwaya akasema kwa upole kwamba labda nianze na joho moja. Likikubalika Jumamosi ijayo, nipewe mengine. Lisipokubalika, yote yaende Sultan Hamud.

"Sawa," nikasema, "na lisipokubalika cherehani iende Kitui."

Nilisema hivyo mbele ya watu wote. Kurudisha neno kungekuwa aibu.

Kitambaa nilikwenda kununua kwa yule yule niliyenunua mara ya kwanza, mfanyabiashara ambaye wazazi wake walihamia hapa kutoka Garissa. Nikamwambia anipimie bluu, na akate pembe moja ya kitambaa ili vidole vyangu viijue bluu hata macho yakikosea. Alikata. Kisha akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye mkasi:

"Mama, ile siku nilikwambia. Nilisema hili jora si kama lile. Ulinigombeza."

Nikataka kumwambia ni uongo. Halafu nikakumbuka. Nilimwambia nilikuwa nashona kabla mamake hajaolewa, na kama anataka kunifundisha rangi aje akae kwenye baraza yangu. Watu walicheka. Alifunga kitambaa akanyamaza, na tangu siku hiyo hakuniambia tena jambo lolote ila habari za mvua.

Nilisimama pale dukani nikaona aibu, na naandika hivyo kwa sababu ndivyo ilivyokuwa. Macho yangu yalikuwa yameharibika, lakini watu walikuwa na ulimi. Mimi ndiye niliyewafunza kuufunga.

"Nilikosa," nikamwambia. Akaniongezea kipande cha bluu cha kujaribia.

Wiki hiyo nilihamisha cherehani kutoka barazani hadi ndani, nikaigeuza itazame ukuta, mwangaza uje nyuma ya bega. Nilivaa kofia ya marehemu mume wangu, yenye ukingo mpana, na waliopita wakacheka wakipenda. Chaki nyeupe ilinipotea kwenye ukungu, kwa hiyo niliacha kuchora. Nilikunja kitambaa, nikapiga mkunjo kwa pasi ya makaa na kuufuata kwa ukucha. Nyuma ya sindano niliweka kadi nyeupe, ncha ya uzi nikaipaka sabuni ikasimama. Siku ya kwanza kutunga uzi tu kulinichukua muda ambao zamani ningemaliza mkono mzima wa shati. Nilitukana. Nikaendelea. Jicho likianza kuchomachoma nilifumba yote mawili, nikashona kwa kugusa, na nakwambia pindo nililolifanya nikiwa nimefumba lilinyooka kuliko lile la kuangalia.

Jumamosi nikalipeleka. Yule mama mwenye sauti ya juu ndiye aliyelivaa. Waliliangalia mbele na nyuma. Wakasema ni zuri. Mmoja akasema ni zuri sana, mwingine akasema Mungu ni mwema, na baridi ikaniingia moyoni, maana nilizijua sauti zile za kuficha.

Basi yeye mwenyewe akajishika shingoni.

"Mwaitu," akasema, na safari hii hakupunguza sauti. "Kola imepinda. Huku kushoto."

Mwalimu wa kwaya akafungua mdomo, nadhani aseme ni dizaini. Nami nilisikia ulimi wangu ukiinuka, ule wa zaidi ya miaka thelathini barazani, na maneno yote yakiwa tayari.

"Weka kidole changu hapo," nikamwambia.

Akauchukua mkono wangu akaupeleka. Nikapitisha ukucha. Ilikuwa kweli, imepinda upana wa punje ya ndengu.

Nikatoa wembe na sindano iliyokwisha kutungwa uzi kwenye leso, akavua joho, nikaketi benchi la nyuma nikiupa mlango mgongo. Nikafumua. Mwalimu akasogea, akaniuliza yale mengine kumi na saba yatanichukua muda gani. Nikamwambia angoje kwanza nimalize hili, na mtu akilikagua aseme tena.

Nilipokuwa natia mshono mpya wakaendelea na mazoezi. Yule mama, akiwa na nguo zake za kawaida, alirudi akasimama safu ya mbele, akaimba sauti yake.