Kompyuta ya Mwanamina na Mashine ya Kukoboa

Mwanamina alikuwa na laki tatu na nusu, chumba kimoja cha kupanga karibu na stendi ya Kibiti, na swali ambalo hakuna aliyeweza kumjibu: kompyuta ya kuchezea gemu, utajuaje kuwa ni nzima kabla hujailipia?

Boriti alizijua. Alikulia Salale, huko pwani, binti wa mkata mikoko, na tangu hajavunja ungo alikuwa akizipanga korja kwa korja, ishirini ishirini, fito huku, pau kule, boriti peke yake. Wanunuzi wageni walitazama ganda. Yeye aliinama pale shoka lilipopita, akatazama moyo wa mti. Lakini kompyuta ni boksi lililofungwa kwa skrubu, na kila aliyemuuliza alimsifia rangi yake.

Huo ulikuwa mwaka 2002. Vijana waliorudi kutoka Dar walisimulia habari za vyumba ambamo mtu hulipia nusu saa, akakaa kitini na kuendesha gari la mashindano kwenye kioo. Mwanamina alisikiliza simulizi hizo akiuza vitumbua stendi, mwaka mzima, kisha akaiuza kwa shemeji yake mashua aliyoachiwa na marehemu mumewe. Mashua ilikwenda, fedha ikaja. Kompyuta ikimfia, hatakuwa na chumba cha gemu wala mashua ya kurudia.

Aliyemletea mashine alikuwa Nassibu, kijana wa Kibiti aliyefanya biashara Kariakoo. Alishuka kwenye basi asubuhi na kompyuta mbili kamili, kila moja na kioo chake, akazipanga juu ya meza. Moja ilikuwa nyeusi, inang'aa, ubavu wake wa plastiki angavu unaonyesha feni yenye taa za bluu. Nyingine ilikuwa ya kijivu, imechubuka pembe, na stika ya ofisi fulani ya Ulaya ilikuwa haijabanduka yote.

"Dada Mwanamina, hii nyeusi ndiyo ya gemu," alisema Nassibu. "Mpya, imeungwa mwezi huu. Ilikuwa laki nne, kwako laki tatu na nusu. Ya kijivu ni laki tatu, nampelekea karani mmoja wa Mchukwi."

"Zifungue."

"Nizifungue ili iweje?"

"Nione ndani."

"Ukiona ndani utajua nini?"

"Sijui," alisema Mwanamina. "Ningekuwa najua nisingetaka kuona."

Nassibu alicheka, akatoa bisibisi. Mwanamina aliinamisha kichwa hadi mtandio ukagusa nyaya. Hiki nini? Hiki ndicho kinachokumbuka. Na hiki? Hiyo ni kadi ya picha, ndiyo inayochora magari. Ya kijivu haina kadi? Haina, picha zake zinatoka kwenye ubao wenyewe. Na hili bati lenye feni, huku nyuma?

"Pawa saplai. Umeme unaingia hapo, inaugawa."

Mwanamina alilitazama bati la nyeusi, akalitazama la kijivu. La nyeusi lilikuwa dogo na nyaya zake zilikuwa nyembamba. Hakutaka kuamua kwa hilo tu. "Umeme ukishuka ghafla, hili linafanyaje?"

"Kariakoo niliiwasha wiki nzima, haikuzima hata mara moja."

"Kariakoo hawakobolei mpunga kwenye waya huohuo."

Hapo ndipo Nassibu alipokumbuka alipo. Umeme wa chumba kile ulitoka kwa mzee Mtoro, jirani mwenye jenereta kubwa na mashine ya kukoboa mpunga. Alivuta waya kwa maduka sita, kila duka likamlipa kwa mwezi. Mota ya mashine ilipoanza kuzunguka, taa za maduka yote zilififia na kuwa nyekundu, mafriji ya soda yakaguna, kisha mambo yakatulia. Kwa siku ilitokea mara ishirini, msimu wa mavuno zaidi. Siku hiyo hakuwepo mteja, na mashine ilikuwa kimya.

"Basi tuifunge, dada. Basi langu ni saa nane."

"Subiri kidogo."

Mwanamina alitoka. Alirudi amejitwika nusu gunia la mpunga aliotumiwa na ndugu zake wa Salale, akapitiliza hadi kwa mzee Mtoro.

"Mpunga huu si ulisema ni wa Ramadhani?" aliuliza mzee Mtoro.

"Ukoboe, baba. Ila usiwashe mpaka nigonge ukuta. Mchele sina haraka nao, nautaka ule mtikisiko wa kuwasha."

Mzee Mtoro alimtazama. "Miaka kumi na miwili nakoboa, hajatokea mtu wa kuninunulia mtikisiko. Nyie watu wa Salale mmekaa na kamba wa baharini mpaka mmekuwa kama wao, mnakwenda kinyumenyume."

"Watu wa bara mnakwenda mbele, mbona hamfiki?" alijibu Mwanamina, akarudi chumbani.

Nassibu aliiwasha nyeusi, akaweka gemu la magari. Gari jekundu liliondoka kwa mngurumo, likapita nyumba, likaingia barabara ya pwani, na Mwanamina kwa mara ya kwanza akaona jambo lililomfanya auze mashua. Lilikuwa zuri kuliko walivyosimulia. Aligonga ukuta mara tatu.

Mota ikaunguruma. Taa ikafifia. Gari likapotea, kioo kikawa cheusi, na kompyuta ikaanza upya kama iliyozinduka usingizini.

"Bahati mbaya tu," alisema Nassibu. "Rudia."

Wakarudia. Ikazimika vilevile. Nassibu akaichomoa mwenyewe.

Ikaja zamu ya kijivu. Taa ilififia, kompyuta wala haikushtuka. Lakini gari lake lilikwenda kwa kurukaruka, kama mtu anayefunua picha za albamu moja moja. Hakuna kijana ambaye angelipia hilo.

Mwanamina alikaa kwenye mkeka, kidole mdomoni. Kisha akauliza, "Kadi ya nyeusi inaingia kwenye kijivu?"

"Tundu lipo. Lakini dada, mimi siuzi vipande."

"Sinunui vipande. Nataka kijivu yenye kadi, kwa laki tatu na nusu."

"Karani nitamletea nyingine. Na hii nyeusi nimuuzie nani?"

"Mtu wa Dar mwenye umeme uliotulia. Na umwambie ilichofanya hapa."

Nassibu alikuna shingo, akacheka kama mtu aliyebanwa kona, akahamisha kadi. Akaingiza diski ya kadi, wakangoja kompyuta iitambue. Gari jekundu likaondoka tena, safari hii kwenye kijivu, laini kabisa.

"Haya, lipa niwahi."

"Hatujui kama bati litaibeba kadi taa zikishuka. Bila kadi liliweza. Na mzigo huu je?"

Nje, honi ya basi ilipigwa. Nassibu alitazama mlango, akaitazama kompyuta. Ilikuwa wazi usoni mwake kwamba na yeye hajui, na kwamba sasa anataka kujua.

"Gonga," alisema.

Mwanamina aligonga. Sauti ya mzee Mtoro ikapenya ukutani: "Nimeshaupitisha mara tatu. Nikirudia hautakuwa mchele tena, ni chenga."

"Rudia, baba."

Mota ikaanza. Taa ikawa nyekundu, feni ikabadili sauti, na Nassibu akaachia vitufe bila kujijua. Gari liliendelea lenyewe bila dereva, likapanda ukingo, likajibamiza kwenye ukuta wa daraja. Kioo kikaandika maneno ya kuuliza kama mchezaji anataka kuanza upya. Taa ikarudi nyeupe. Maneno yalikuwa bado pale.

Basi lilikuwa limekwisha kuondoka. Mwanamina alifungua fundo la khanga, akamhesabia Nassibu noti zake zote, kisha akavuta stuli hadi mbele ya kioo.

"Nionyeshe kitufe cha breki," alisema. "Nataka kujua barabara ile inakwenda wapi baada ya daraja."