Saba ya Kopa

Jumamosi iliyopita nilikwenda Mbagala kumzika jirani yetu wa zamani. Mwanawe wa mwisho, jibaba zima lenye ndevu, alinipokea kwa "Shikamoo dada" na kuniletea kiti. Nilipewa wali, nikawa nakula huku namtazama. Yule kijana nilimjua akiwa mchanga mgongoni kwa mamaye. Ugonjwa wake ndio uliomwondoa bibi yangu pale mtaani, na ukweli wa jambo lile ninao mimi.

Nilikuwa na miaka kumi na moja, nikiishi na bibi. Nyumba yetu ungeijua kwa pua kabla hujafika: iliki, tui la nazi, vitumbua vinachemka kwenye mafuta tangu alfajiri. Kazi yangu ilikuwa kuloweka mchele na kugeuza vitumbua kwa kijiti. Mtaa mzima ulikula kwa bibi, hata mwalimu wangu alikuwa akituma mtoto na bakuli.

Mjomba alikuwa akizunguka mashuleni kufanya mazingaombwe, na alipoichoka kazi hiyo aliniachia pakiti ya karata. Nusu yake zilikuwa saba ya kopa tupu, zimekatwa ncha, fupi kidogo kuliko zile nyingine. Ukizipitisha kwa kidole gumba, mtu anaona karata za kila aina, lakini akikusimamisha popote, anachookota ni saba ya kopa. Mjomba aliniapisha nisimwambie mtu.

Nikaanza kutamba. Siku moja uani, jirani yetu alikuwa anafua, mtoto mgongoni. Alichagua mara tatu, zote saba ya kopa. "We mtoto una nini wewe!" alisema huku anacheka, lakini akaufuta mkono wake kwenye khanga. Akaniuliza nani kanifundisha. Kwa kutaka sifa, na kwa kuificha siri ya mjomba, nikasema ni bibi.

Siku mbili baadaye mtoto akashikwa na degedege. Hospitali walimtibu malaria akapona, ila maneno yalikwisha kusambaa kuwa yule bibi anamrithisha mjukuu mikoba ya uchawi. Mabakuli yakaacha kuja. Tukawa tunakula vitumbua vyetu wenyewe asubuhi, mchana na jioni, mpaka vinachacha.

"Ulimfanyia nini mama wa watu?" bibi aliniuliza.

"Nilibahatisha tu, bibi."

Ningependa kukwambia nilinyamaza kwa sababu ya kile kiapo. Si kweli. Watoto wenzangu walikuwa wananiogopa, wananipisha mbele kwenye foleni ya bombani, na mimi nilikuwa naona raha.

Ulipita mwezi. Asubuhi moja nilimkuta bibi ameegemea ukuta, upawa mkononi, analia kimyakimya. Hapo ndipo nilipozichukua zile karata nikakimbilia kwa jirani, nikazimwaga zote sakafuni, nikamchagulia zile fupi na kuzigeuza uso juu mojamoja.

"Tazama, mama. Saba ziko nyingi, ndiyo maana."

Alirudi nyuma akamkumbatia mwanawe. "Umezigeuza! Umezigeuza mbele ya macho yangu! Toka kwangu!"

Bibi alisikia kelele, akanijia, akanirudisha nyumbani. Tukakaa mkekani nikamfundisha. Vidole vyake vilikuwa na mafuta, karata zikawa zinamponyoka, mpaka mwishowe saba ya kopa ikamtokea mwenyewe. Alicheka! Alicheka mpaka akajifunika khanga usoni. Halafu akaishusha, akanitazama.

"Kwa hiyo siku zote hizi ulikuwa unajua?"

"Ndiyo, bibi."

Hakunipiga wala hakunigombeza. Alizipanga karata vizuri, akanirudishia, akaingia ndani. Mwezi uliofuata alihamia kwa kaka yake Mkuranga, akafia huko. Mimi nilipelekwa kwa mjomba.

Nyumba yetu haipo tena, pamejengwa fremu za maduka. Ule ua, kamba za nguo, jiko la bibi, vyote vimekwenda, na inaniuma kuliko ninavyoweza kusema. Pale msibani, wakati nakula, mama mmoja alimnong'oneza mwenzake, "Si mjukuu wa yule bibi mchawi huyo?" Nilimsikia vizuri kabisa. Nikanawa mikono, nikaaga.