Mjomba Aliyejua Kuanguka

Nilikuwa nimejiapiza kwamba sitalia kabla ya kufika nyumbani. Nilishuka stendi ya Kisesa na begi langu, nikawapita akina mama wa nyanya, nikawapita vijana wa bodaboda walioniita "dada mkubwa" kwa sababu ya mvi zangu chache, na roho ikawa imejikaza vizuri tu. Kisha nikapita nyuma ya mashine ya kukoboa mpunga. Upepo ukageuka, harufu ya pumba ikanijia usoni, na mimi nikakaa juu ya jiwe pale pale, nikaangua kilio. Mama mmoja aliyekuwa anapepeta chenga akaacha ungo wake, akaniuliza, "Umefiwa, mwanangu?" Nikamwambia nimefiwa na mjomba. Akasema, "Pole sana. Mjomba ni mama." Akaniletea maji ya kunywa.

Kwako wewe unayenisoma huenda pumba ni takataka za kuwasha shingo. Kwangu mimi pumba ni Jumapili mchana, ni mjomba wangu akiwa angali na meno yote na mgongo ulionyooka, na ni jambo moja ambalo mpaka leo sijawasamehe watu wa kwetu. Ngoja nikueleze.

Nililelewa na Bibi, mama yake mama, katika nyumba ya matofali ya kuchoma iliyoegemea mawe makubwa. Mjomba alikuwa kitinda mimba wake. Siku za kazi alibeba magunia katika kiwanda cha mafuta ya pamba kule Nyakato, na kila Jumamosi jioni alirudi Kisesa akinukia mashudu, amefunga furu, wale samaki wadogo wa ziwani, kwenye gazeti. Sisi watoto tulimpokea barabarani kwa kelele. Bibi alikuwa ameshabandika chungu cha matobolwa, yale matamu ya viazi vilivyoanikwa, na karanga zimeshatwangwa. Tukishakula, kazi ilianza. Tulikwenda mashineni kuzoa pumba, tukazijaza kwenye viroba, na Mjomba akavishona midomo kwa shazia, ile sindano nene ya magunia. Viroba vile ndivyo vilivyokuwa ulingo. Vilipangwa uwanjani vikafunikwa turubai, zikasimikwa nguzo nne, ikazungushwa kamba ya katani, na hapo ndipo wanaume wa kwetu walipoangushana kila Jumapili baada ya mavuno, watu wanapokuwa na nafasi na matumbo yameshiba.

Mieleka ile ilikuwa ya maonyesho. Nani atashinda na nani atashindwa, vyote vilipangwa kabla, na sisi wa nyumbani tulijua kwa sababu mazoezi yalifanyika uani kwa Bibi. Lakini kulikuwa na mwiko mmoja, tena mkali. Watu wasijue. Kuanzia Ijumaa wapinzani hawakusalimiana hadharani. Wakikutana sokoni, mmoja alitema mate na mwingine akageuza uso. Jumamosi usiku walikuwa wanapita mlango wa nyuma, wanakula matobolwa sahani moja.

Mjomba alikuwa fundi kuliko wote, na hilo silisemi kwa sababu ni damu yangu. Alijua kuanguka. Alitufundisha hata sisi watoto, wasichana kwa wavulana. "Kidevu kifuani," alisema. "Kiganja kitangulie kupiga chini, pumzi itoke. Ukiukaza mwili, ardhi nayo inakukazia." Tulijirusha kutoka juu ya jiwe dogo mpaka Bibi akatutishia mwiko wa ugali. Na alijua kumwangusha mtu kwa namna ambayo macho yako yanaona ameuawa, kumbe mkono wa Mjomba uko chini ya shingo yake muda wote, umeishika kama unavyoshika shingo ya mtoto mchanga.

Kulikuwa na fundi baiskeli mmoja wa Misungwi, mrefu, mwembamba, mwenye mwanya na kicheko kilichosikika mpaka barabarani. Huyo hakujua chochote. Mrusho wake maarufu, ule uliowafanya watu wabebe jina lake mpaka Magu, ulikuwa kazi ya Mjomba. Mjomba ndiye aliyeruka mwenyewe, akajipindua hewani, akatua na kishindo cha kiganja, na watu wakapiga mayowe kumshangilia fundi baiskeli. Walimbeba begani. Na yule aliyerushwa je? Msimamizi wa mieleka alijaribu kumpa majina, leo Chui, kesho Radi, hakuna lililokaa. Watu walimwita "yule mwingine". "Leo anapigana na nani?" "Na yule mwingine." Mimi nilikuwa nachemka kwa hasira, nikawa nawabana vidole wenzangu darasani wakisema hivyo.

Msimamizi yule ujana wake alikuwa mcheza ngoma, na alileta desturi ya ngoma kwenye mieleka. Unajua kwetu Usukumani ngoma mbili zinashindana uwanja mmoja, wakati mmoja, na hakuna hakimu. Watu wenyewe ndio wanaohama. Ngoma iliyowavuta imeshinda, ile waliyoikimbia imeshindwa, kwisha habari. Basi kila mwisho wa msimu alipanga viulingo viwili, kimoja cha fundi baiskeli na kimoja cha Mjomba, kila mmoja na mpinzani wake. Atakayevuta watu ndiye atakayepewa ushindi katika pambano la mwisho, lile linalofunga msimu, lile linalosimuliwa mpaka mvua zinyeshe. Na kila mwaka watu walianza nusu kwa nusu, kisha wakaanza kuchomoka kwa Mjomba mmoja mmoja. Mwishowe tulibaki sisi watoto wa nyumbani na jirani yetu muuza furu, ambaye alisema hawezi kuhama kwa sababu ameshakaa na goti linamuuma.

Jirani huyo ndiye aliyetupa sababu bila kuficha. "Mwanaume ana ujuzi, sikatai," alisema, "lakini uso wake ni wa mtu aliyekuja kuomba chumvi. Nani atamchukia? Nani atamwogopa?" Bibi alijibu kwamba kizuri chajiuza. Jirani akacheka, "Mama, kwani mimi furu wangu wabaya? Mbona napiga kelele kutwa nzima?"

Bibi mwenyewe hakuwahi kuja uwanjani. Alikuwa akitoka ibadani anarudi moja kwa moja nyumbani. Alisema hakuzaa mtoto ili akamtazame akibwagwa. "Siku utakayofunga msimu wewe, uniite," alimwambia Mjomba. Na Mjomba aliyabeba maneno yale. Jioni moja tunashona viroba, mimi nikimshikia mdomo wa gunia, aliniambia, "Nataka mara moja tu. Mama akae pale mbele, watu wahame waje kwangu, nifunge mimi. Baada ya hapo hata nikibeba magunia mpaka nizeeke, sitanung'unika."

Basi msimu ule tulimfundisha majivuno. Sikutanii. Jirani muuza furu, bingwa wa ugomvi wa soko zima, alisimama uani na kanga kiunoni akamfundisha matusi yasiyo na dhambi. Mjomba aliwatambia mbuzi wa Bibi kwa sauti ya kupasuka, mbuzi wakaendelea kutafuna. "Toa sauti tumboni, wewe baba!" jirani alifoka. "Unamtukana au unamwombea?" Tulicheka mpaka tukakaa chini. Lakini Jumamosi baada ya Jumamosi sauti ilikuja, nzito, ya kutikisa masufuria, wala hatukujua alikuwa ameificha wapi miaka yote.

Siku ya kufunga msimu Bibi alikuja. Alivaa gauni lake la kanisani, akakaa mbele kabisa kwenye kigoda alichobebewa na mimi. Mjomba aliingia na kiroba cha pumba begani, akakibwaga, akapanda juu yake, akanyoosha kidole kwenye kiulingo cha pili. "Nimeomba mpinzani," alinguruma, "Misungwi wamenitumia fimbo ya kuchungia!" Uwanja ukalipuka. Kisha akacheza, mabega yakitetemeka kama wacheza ngoma wetu, akamnyanyua mpinzani wake akamzungusha hewani, na nikasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia upande wetu. Nyayo. Watu walikuwa wanahama, wanakuja, wanakanyagana, vumbi linapanda. Jirani muuza furu alisimama na goti lake bovu akaanza kupiga vigelegele. "Mcheza kwao hutunzwa!" alipaza, akamtupia Mjomba kanga yake. Bibi alikaa mikono mapajani. Machozi yalikuwa yanamtiririka.

Pambano la mwisho likawa la Mjomba na fundi baiskeli, na safari hii zamu ya kushinda ilikuwa ya Mjomba. Mpango wa siku watu watakapomhamia niliujua, niliuona ukifanyiwa mazoezi uani. Fundi baiskeli angepanda juu ya nguzo, angeruka, Mjomba angempisha, jamaa angetua kwenye pumba, Mjomba angemlalia, kwisha.

Asubuhi ile kulikuwa na manyunyu ya kutoka ziwani, na nguzo ile ya kivulini ilikuwa haijakauka sawasawa. Fundi baiskeli alipanda, akainua mikono, watu wakanyanyuka. Mguu ukateleza. Hakuangukia ndani. Aliangukia nje, kichwa chini, upande ule wenye mawe.

Sijui Mjomba alifikaje. Najua alipita juu ya kamba, akamdaka jamaa kifuani, akageuka naye hewani ili mgongo wake yeye ndio upige ardhi, wakabiringika. Kisha akamlaza taratibu, kiganja chini ya shingo, akamwinamia. Na kwa ile sauti tuliyomfundisha sisi, ile ya kutikisa masufuria, akauliza, "Umeumia, ndugu yangu?"

"Sijaumia, kaka," fundi baiskeli akajibu. "Nipo."

Uwanja mzima ulisikia. Mtu mmoja nyuma akacheka. "Kumbe wanabembelezana!" Mwingine akadakia, "Kaka na ndugu yake!" Kicheko kikaenea. Mtu alikuwa ameokolewa kufa mbele ya macho yao, wao wakaona wametapeliwa. Na baada ya kicheko wakafanya kile ambacho kwetu hufanywa. Wakahama. Waliondoka makundi makundi kuelekea barabarani, wengine wakipiga miluzi, na msimamizi hakuinua mkono wa mtu yeyote. Mjomba alikuwa bado amepiga magoti, mgongo wake unavuja damu, anawaangalia wanavyokwenda. Ule uso ndio ulionitoa machozi pale mashineni.

Bibi hakuhama. Alisubiri vumbi litulie, akamfuata, akampangusa pumba kichwani kama alivyotupangusa sisi. "Twende ukale," akamwambia. Tulipofika kwenye mawe yetu ndipo akasema, "Nimekuona, mwanangu."

Hakupigana tena. Msimamizi alimweleza kwa upole kwamba watu hawatamwamini, na alikuwa anasema kweli. Fundi baiskeli, ambaye watu walimsamehe baada ya wiki chache kwa ajili ya kicheko chake, alikwenda Dar es Salaam akabandikwa kwenye mabango. Viroba vyetu vya pumba vilichukuliwa na wachoma matofali. Nimefikiria sana jambo hili utu uzimani, na kila nikilifikiria ninaishia pale pale. Watu wale walikuja kumwona mtu akiangushwa, na mjomba wangu kipaji chake chote kilikuwa mtu asiumie. Hicho hakina mnunuzi. Nina hasira nalo, na sioni aibu kusema.

Uwanja wenyewe siku hizi hauupati. Wamejenga fremu za maduka, mahali pa ulingo wanauza simu, na watoto wa ukoo wetu wanatazama mieleka ya mbali kwenye vioo vya viganjani, wanajua majina ya mabingwa wote. Bibi alishatangulia, na jirani muuza furu alimfuata. Nilimuuliza mtoto mmoja pale msibani kama anajua babu yake alikuwa mwanamieleka. Alidhani namtania.

Siku ya mazishi ulisomwa wasifu wa marehemu. Alizaliwa, alibatizwa, alifanya kazi kiwandani Nyakato, ameacha mjane na watoto, aliugua mgongo kwa muda mrefu. Mieleka haikutajwa hata kwa neno moja. Niliuma ukingo wa kanga.

Lilipoletwa jeneza kaburini, mzee mmoja mnene mwenye ndevu nyeupe aliwapita vijana, akavua koti lake. Sikumtambua mpaka alipofungua mdomo nikaona ule mwanya wa fundi baiskeli. "Nitampokea mimi," alisema. Vijana wakamwambia, "Mzee, acha, hii ni kazi yetu." Alishuka kaburini kwa shida, akihema, akainua mikono.

Waliachia kamba kidogo kidogo. Mimi nilikuwa nimefumba macho, nasubiri ule mgoto wa mbao kwenye udongo, maana huo ndio unaonimaliza kila ninapozika mtu wangu. Haukuja. Nilipofumbua, yule mzee alikuwa amepiga magoti chini kule, mkono mmoja bado uko chini ya jeneza, upande wa kichwa, anauvuta polepole. Alikaa hivyo muda mrefu kuliko inavyoruhusiwa. Jua lilikuwa kali, na mchungaji alishafunga kitabu chake. Niligeuka kuwatazama watu, kwa mazoea yale ya zamani, nikiwa na hofu.

Hakuna aliyehama.