Dada Yangu Alihamia Fizikia, Baba Bado Anamwita Injinia

Alhamisi, tarehe ishirini. Asubuhi ukungu na manyunyu, kufikia saa nne jua limetoka.

Admin, naomba unifiche jina. Nimezoea kuandika shajara kila siku, kwa hivyo niwieni radhi nikianza hivyo. Nina miaka thelathini na mmoja, nimeolewa, nina watoto wawili. Niliishia kidato cha nne. Nafanya kazi ya kutunza stoo ya mikate Thika, lakini tunaishi Ruiru, karibu na Kamakis, kwa nyumba ya kupangisha ambayo Baba alijenga. Ina vyumba vya chini na ghorofa moja. Sisi tuko chini, pamoja na wapangaji wengine. Juu ya paa Baba aliacha vyuma vya nguzo vikichomoza, akisema ataendelea Injinia wake akiiva.

Injinia ni mdogo wangu, nitamwita Shiku. Tangu aitwe chuo kusomea uhandisi wa ujenzi, nyumbani hakuna anayemwita jina lake. Hata mama mboga humwambia, "Injinia, sukuma ni ya leo."

Jumapili iliyopita Baba aliita ndugu zake. Baada ya chakula akatupandisha sote kwenye paa. Majirani wameongeza ghorofa, na yeye anataka kuongeza mbili. Akamwangalia Shiku mbele ya watu wote.

"Injinia, hizi nguzo zitabeba ama hazitabeba?"

Shiku aliigonga nguzo moja kwa mkono, akaangalia chini, akasema, "Zitabeba, Baba."

Anko mmoja akacheka. "Wengine wanahangaika kutafuta injinia wa kukodi. Sisi tulizaa wetu."

Tulipokuwa tukiosha vyombo nilimwuliza amejuaje kwa kugonga tu. Aliweka sahani chini.

"Siz, mimi sisomi uhandisi. Nilihama mwaka jana. Niko fizikia."

"Fizikia ya kufundisha?"

"Fizikia yenyewe. Kule nilikuwa napewa fomula. Nikiuliza imetoka wapi, naambiwa iko kwa jedwali, tumia. Nilikuwa nalia kila Jumatatu. Sasa hivi naamka nikitaka kwenda darasani."

Na ni kweli. Mwaka juzi alikuwa amekonda, hali chakula. Mwaka huu amenona, anacheka, anaeleza watoto wangu kwa nini mbingu ni ya samawati mpaka wanasahau katuni. Nilikuwa nafikiri amepata mchumba.

Nikamwuliza tena, "Kwa hivyo hizo nguzo, umejuaje?"

"Sijui, Siz. Mambo ya nguzo yanafundishwa mwaka wa tatu. Mimi niliondoka wa pili. Ningesema sijui mbele ya maanko wote?"

Nilimwambia aende amwambie Baba siku hiyo hiyo. Alipiga magoti pale jikoni. Alisema Baba akisikia ataacha kumlipia karo, kwa sababu amewahi kusema hasomeshi mtu kwenda kuwa mwalimu, na kwake fizikia ni hiyo tu. Akaniomba nimpe muda, akarudi chuo, Juja. Jana nilimpigia simu. Alisema, "Ukisema wewe, mimi sirudi nyumbani tena." Tangu hapo hashiki simu.

Mchanga na kokoto vimeshamwagwa langoni. Mafundi wanaanza Jumamosi.

Leo kabla ya kazi nilimfuata Baba langoni. Sikutaja Shiku. Nilisema tu, "Baba, si tuite mtu mwingine aangalie nguzo, hata kama ni mara moja?"

Mimi nina jina la mama yake, kwa hivyo huniita Maitu, yaani mama, na huniita kwa upole. Leo hakuniita kwa upole. "Maitu, unataka kumwaibisha mdogo wako? Wivu si mzuri. Wewe uliishia form four, mwachie aliyesoma aongee."

Alisahau kwamba niliishia pale kwa sababu ilibidi mmoja wetu asome, na mimi mwenyewe ndiye niliyesema awe Shiku. Sijawahi kujuta, mpaka leo pale langoni.

Sasa nimekwama. Nikisema ukweli, nitaonekana nimemharibia kwa wivu, na msichana ambaye hatimaye amepata kitu anachokipenda atakatiwa masomo, na pengine nitampoteza. Nikinyamaza, zege itamwagwa juu ya vichwa vya watu waliolala, kwa neno la mtu ambaye hajui. Mume wangu sijamwambia, kwa sababu ataenda kwa Baba mbio, na hana maneno ya upole.

Nyinyi mnaosoma hapa, mlio na wazazi wa aina hii, nianzie wapi? Nimwendee Baba peke yangu kesho, ama nimfuate Shiku Juja nimlete kwa mkono? Nisaidieni kabla ya Jumamosi, nimechoka kuwaza.

Nguzo aliyoigonga inashuka mpaka kwa kona ya chumba chetu. Jioni hii nimesogeza kitanda cha watoto mbali nayo. Mume wangu ameuliza kwa nini, nikamwambia ukuta una unyevu.

Ni saa tisa kasorobo usiku, sasa ndio nalala.