Mtikisiko wa Gurudumu la Kushoto

Miaka ile ya tisini mimi na mume wangu tulikuwa na pikapu kuukuu ya kubebea mpunga kutoka Majimoto hadi Mpanda mjini. Yeye aliendesha, mimi nilikaa kushoto kwake. Nyuma, juu ya magunia, walipanda watu waliotuomba usafiri: mama anayepeleka mgonjwa, mwalimu anayerudi kazini. Barabara ilikuwa vumbi na makorongo, nasi tulikwisha kuizoea.

Kiangazi kimoja gari likaanza kutikisika mbele. Mtikisiko wa barabara tuliujua. Huu haukuwa huo. Gurudumu likiingia shimoni, ghafla usukani ulianza kucheza kulia na kushoto, ukimponyoka mume wangu mikononi, na haukutulia mpaka tulipokaribia kusimama. Mara ya kwanza tulicheka. Mara nyingine ukatukuta karibu na Sitalike, tumejaza mzigo na watu, gari likavuta hadi ukingoni mwa mtaro. Hakuna aliyeumia. Abiria walishuka wakajipangusa vumbi, na bibi mmoja akamwambia mume wangu, "Ahsante baba, lakini hapa nilipofika, nitamalizia kwa miguu."

Mjini tuliambiwa ni matairi. Tukabadilisha matairi, likatikisika. Tukaambiwa ni shokapu. Tukafunga nyingine, likatikisika vilevile. Siwalaumu mafundi wale. Kila mara tuliwafikia mbio mbio, mzigo unangoja, nao wakatibu walichokiona. Lakini mume wangu alianza kubadilika. Asubuhi alilizunguka gari bila kupanda, ukimuuliza anasema analikagua. Nilijua anaogopa, na nilijua hawezi kulitamka hilo.

Mteja wangu wa mchele ndiye aliyeniambia habari za fundi mmoja wa Katumba, kwenye makazi ya wakimbizi kutoka Burundi. Tukaenda polepole, gari tupu. Tulimkuta akianua mihogo iliyokauka, mtu mrefu, mpole, shemasi wa kanisa lake. Alinawa mikono, akatutolea viti, naye akakaa. Spana hakugusa.

"Inaanza ikiwa na mzigo au tupu?" aliuliza.

"Vyote viwili," mume wangu alijibu.

"Na kabla haijaanza, unasikia nini?"

Mume wangu akafikiri. "Kwa kweli fundi, mimi nahangaika na usukani tu. Sisikii kitu."

Fundi akanigeukia. "Na wewe mama? Wewe huna usukani wa kuhangaika nao."

Kote tulikopita hakuna aliyewahi kuniuliza. Nikamweleza kwamba huanza gurudumu la kushoto likipiga shimo, la kulia halina neno. Kwamba kitu hugonga kwanza chini ya miguu yangu, ko, kama mfuniko wa sufuria. Na kwamba hata tukikata kona taratibu, mlio ule naupata.

"Basi mama," akasema akiinuka, "panda kwenye usukani."

Nilikuwa sijawahi kukaa pale. Injini ilikuwa imezimwa. Aliniambia niuzungushe usukani kidogo tu, kulia, kushoto, nisiache, naye akaingia uvunguni na kushika maungio moja baada ya jingine, akiyasikiliza kwa kiganja.

"Hii nzima. Endelea mama. Hii nayo nzima." Kisha akaita: "Baba, hebu njoo uweke mkono hapa."

Mume wangu akaingia. Mimi niliona miguu yao tu, nikaendelea kuzungusha, mpaka nikasikia sauti yake, ndogo: "Mungu wangu."

Fundi akatoka, akainua upande wa kushoto kwa jeki, akalishika gurudumu juu na chini na kulitikisa. Lilicheza. Akanituma nikanyage breki, akalitikisa tena. Bado lilicheza.

"Ingekuwa beringi, breki ingeibana," alisema. "Hii ni kingipini, ile pini ambayo gurudumu hugeukia, imelika. Lakini kilichotaka kuwaua siyo hiyo."

Akarudi chini na kipande cha nondo, akabinua mara moja, na kichwa cha tairodi kikachomoka kwenye kikombe chake bila ubishi. Alikiweka mkononi mwa mume wangu.

"Hiki ndicho kinachofanya gurudumu lifuate usukani. Mngepiga shimo moja zaidi, gurudumu lingekwenda kwake na nyie mkaenda kwenu."

Mume wangu alichuchumaa pale kwenye vumbi akalia. Wiki ile ile tulikuwa tumebeba watu, na watoto wamo. Fundi hakumwambia anyamaze. Alikaa chini kando yake, akasali kwa sauti ya chini, nusu Kirundi, nusu Kiswahili, akimshukuru Mungu kwa mashimo yote ambayo hatukuyapiga.

Vipuri viliagizwa Tabora, vije kwa treni. Tulipokuwa tukivisubiri, mke wa fundi alikataa katakata tulale kwingine. Alitupikia ugali wa muhogo na maharage, akanifundisha kusema *murakoze*, yaani ahsante. Nililitumia neno lile mpaka akanicheka. Watu wale waliishi ugenini, hawana shamba la kulingana na letu, na ni wao waliotukaribisha sisi wenyeji. Hadi leo nikihesabu waliotutendea wema, naanza na nyumba ile.

Kazi ilipokwisha, fundi alimpa mume wangu ufunguo. Mume wangu akatikisa kichwa. "Mikono yangu bado haijarudi."

"Basi mama ataendesha. Ndiye aliyeusikia ugonjwa, ndiye atakayejua kama umepona."

Fundi akapanda kando yangu, akanifundisha klachi na gia kwenye barabara nyoofu ya makazi, mume wangu akiwa nyuma ameshikilia bomba la bodi. Gari lilizimika, likaruka kama mbuzi, hatimaye likaenda. "Shimo lile," fundi akaonyesha. "Lipige kwa kushoto." Nikalipiga. Hakuna kilichogonga. Usukani ukatulia mikononi mwangu, mzito, mtiifu, nami nikapiga kigelegele humo humo ndani.

Siku zilizofuata aliendelea kunifundisha, mpaka akaridhika. Tulipoaga, mimi ndiye niliyeendesha kuelekea mjini, kwa mwendo wa baiskeli. Mume wangu alikaa kushoto. Kabla hatujafika mbali, nikamwona ameegemeza kichwa mlangoni, amelala fofofo.